Mjomba Hakufa kwa Malaria

Katika ukoo wetu kuna watu watatu waliokufa kwa malaria, na mmoja kati yao hakufa kwa malaria. Ni mjomba wangu, mdogo wake mama wa kumfuata. Alikuwa fundi redio Kariakoo, akazaliwa mwishoni mwa 1966, akafariki Mei 2007 akiwa na miaka 40. Kilichomuua ni heroini. Neno hilo halikutamkwa msibani, halikutamkwa kwenye arobaini yake, na mpaka leo ukimuuliza bibi atakujibu kwa sauti isiyotaka swali la pili: "Mwanangu aliugua malaria, ikampanda kichwani."

Simlaumu bibi. Malaria ni kifo chenye heshima. Watu wanakuja na mkeka, wanakaa, wanasema kazi ya Mungu. Unga, kama tunavyouita mtaani, unaleta watu wa aina nyingine msibani: wanaokuja kuangalia. Lakini uongo huu umemtoa mjomba nje ya historia, ukambakiza mtu mmoja dhaifu aliyeshindwa na nafsi yake. Ninachotaka kufanya hapa ni kumrudisha. Mjomba hakuuvumbua unga, hakuuleta, wala hakuwa peke yake. Kuna njia ndefu iliyoufikisha mlangoni kwake, na njia hiyo ina tarehe.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kilikuwa na majina ya mmea huu zamani sana kabla ya mateja wa Kinondoni na Magomeni. Tunalo neno afyuni, na tunalo kasumba. Wengi wetu tunaijua kasumba kutoka kwenye hotuba: kasumba ya kikoloni, kasumba ya kudharau vya kwetu. Tumesahau kwamba kasumba ni afyuni, ule utomvu unaotoka kwenye tunda la mpopi. Wanasiasa wa enzi za uhuru walipotafuta neno la kitu kinachomlevya mtu mpaka akampenda anayemtesa, lugha ya pwani ilikuwa nalo tayari. Sitiari ikakaa mjini, maana ya asili ikasahaulika.

Heroini ni mtoto wa afyuni aliyezaliwa maabara. Mwaka 1874 mkemia wa Kiingereza, C. R. Alder Wright, aliichemsha mofini na kemikali nyingine huko London akapata kitu kipya, kisha akakiacha. Miaka zaidi ya 20 baadaye kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilikitengeneza upya, na mwaka 1898 ikaanza kukiuza kama dawa ya kikohozi kwa jina la biashara Heroin, linalohusishwa na neno la Kijerumani lenye maana ya ushujaa. Sisi tunaukumbuka mwaka 1898 kwa jambo jingine. Ndio mwaka ambao Mkwawa alijiua badala ya kukamatwa na Wajerumani waliokuwa wakimsaka nchini Uhehe. Mambo hayo mawili hayana uhusiano wa moja kwa moja, sitaki kuyalazimisha. Nayaweka pamoja ili tukumbuke kwamba heroini haikuanza kama kitu cha wahuni. Ilianza kama chupa yenye lebo, yenye kampuni, yenye daktari anayeipendekeza. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya dunia kukubali kwamba dawa ile ya kikohozi ilikuwa inawafunga watu.

Safari yake ya kuja kwetu ilianza mbali na Dar es Salaam. Mwaka 1979 Iran ilipata mapinduzi, na Desemba ya mwaka huohuo majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Katika miaka ya vita iliyofuata, kilimo cha mpopi kilipanuka Afghanistan, na viwanda vya kuugeuza utomvu kuwa heroini vikaota kwenye mpaka wake na Pakistan. Mzigo ukawa mwingi, ukatafuta njia. Njia mojawapo ilikuwa ya zamani kuliko nchi zetu zote: kutoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kwa majahazi, kuvuka Bahari ya Hindi mpaka Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Njia ya tende, mazulia na ubani. Baadaye ndege nazo zikaongezeka, na vijana wetu waliokwenda Bombay na Karachi wakarudi na zaidi ya vitambaa.

Hapa kwetu nako mlango ulikuwa unafunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, sabuni ilipangiwa foleni, na mwaka 1983 serikali ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi. Kisha akaja Mzee Mwinyi, mwaka 1986 tukatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na biashara ikaachiwa. Ruksa. Mitumba, kaseti, redio za Kijapani, vyote vikaingia. Sisemi ruksa ndiyo iliyoleta unga. Nasema unga ulifika wakati ambapo bandari ilianza kupumua, viwanda vya umma vilikuwa vinapunguza watu, na kijana wa darasa la saba alikuwa na muda mwingi kuliko kazi.

Mjomba alikuwa kijana huyo, ila yeye alikuwa na kazi. Redio zile za ruksa zilikuwa zinaharibika, na yeye alijua kuzitengeneza. Alikuwa na kibanda cha mbao chenye meza moja, kifaa cha kulehemu kilichokuwa kinanukia risasi iliyoyeyuka, na kopo la maziwa la zamani alilojaza skrubu. Nilikuwa nikipelekwa kwake Jumamosi. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, kaa hapo usiguse waya." Halafu ananipa kazi: nishike kitufe cha mawimbi nikizungushe polepole mpaka mtu aanze kusema. Alinifundisha kwamba mluzi ule kati ya stesheni mbili si kelele, ni masafa. Tulisikiliza Redio Tanzania, BBC na Deutsche Welle, na kila taarifa ya habari ilipokwisha aliniuliza: "Haya, wamesema nini?" Nisipoweza kueleza kwa maneno yangu, sipati soda. Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu miaka mitatu, na hakuna mhadhiri aliyenipa zoezi bora kuliko lile.

Mama anasema unga ulimfikia mwaka 1991 au 1992. Siku hizo heroini iliyokuwa ikipatikana Dar es Salaam na pwani ya Kenya ilikuwa ya kahawia, waliyoiita brown sugar. Watu waliivuta, aidha kwa kuichoma na kufukuza moshi wake, au kwa kuichanganya na bangi kwenye sigara, mchanganyiko walioubatiza kokteli. Marafiki zake walikuwa mabaharia, na neno hilo Dar lina maana pana: wapo wenye vitabu vya meli, na wapo waliozamia, wakajificha kwenye meli bila tiketi kutafuta maisha. Walirudi na nguo nzuri na hadithi nzuri. Wakati ule hakuna aliyekuwa anamwonea huruma mvutaji wa unga. Wavutaji walionekana wajanja, watu wa mjini.

Kemia yenyewe haijali ujanja. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, ikakaa kwenye vipokezi vya ubongo ambavyo mwili umeviweka kwa ajili ya kupoza maumivu yake wenyewe. Mara za kwanza ni raha. Baada ya muda ubongo unazoea, unapunguza kazi yake, na sasa mtu anahitaji kete ili tu awe kama wewe na mimi tulivyo asubuhi bila kitu. Akiikosa inakuja arosto: mifupa inauma, tumbo linafunguka, jasho, miayo, machozi, usiku usio na usingizi. Ndugu wengi wanadhani teja anatafuta starehe. Mjomba wa miaka ile ya mwisho hakuwa na starehe yoyote. Alikuwa anaikimbia arosto, kila baada ya saa chache, kila siku.

Kifaa cha kulehemu kiliuzwa. Kisha redio za wateja. Kwa fundi hiyo ndiyo aibu isiyosameheka, na wateja hawakumsamehe. Kibanda kikachukuliwa na mtu mwingine. Kilichobaki ni kopo la skrubu, ambalo mama analo mpaka leo kabatini, na halina kazi.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaingia unga mweupe. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini kwa historia ya pwani yetu ni makubwa kuliko sheria yoyote iliyopitishwa. Unga mweupe huyeyuka kwa urahisi kwenye maji. Ukiyeyuka unaingia kwenye bomba la sindano. Ndani ya miaka michache watu waliokuwa wakivuta wakaanza kujidunga, Dar es Salaam na Mombasa pia. Na kwa sababu sindano ilikuwa haba na arosto haisubiri, bomba moja lilipita mikononi mwa watu wanne.

Mwaka 2005 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, jambo lililowashtua wasomaji wa nje: wanawake maskini, wengi wao wakijiuza ili wapate kete, walikuwa wanasaidiana kwa damu. Aliyeweza kununua alijidunga, kisha akavuta damu yake irudi kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa, kwa imani kwamba ndani ya damu ile kuna unga wa kutosha kumtuliza. Waliita flashblood. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza sikushangazwa na ujinga, kama wengine walivyoandika. Nilichokiona ni ujirani. Mtu aliyepoteza kila kitu bado anamgawia mwenzake, ila alichobaki nacho cha kugawa ni damu. Utafiti mwingine uliochapishwa 2009 ulikuta takriban asilimia 42 ya watu wanaojidunga waliopimwa Dar es Salaam wana virusi vya Ukimwi, wakati kwa watu wazima wa Tanzania kwa jumla kiwango kilikuwa karibu asilimia 6.

Sheria ilikuwepo. Ile ya 1995 iliunda Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa za kulevya na kuweka adhabu nzito kwa wasafirishaji. Lakini aliyekamatwa kirahisi si mwenye jahazi. Ni mtu mwembamba aliyelala kwenye pagale, nyumba isiyokwisha kujengwa, anayekutwa na kete moja au asiyekutwa na kitu kabisa akashtakiwa kwa uzururaji. Mwaka 2006 mjomba alifungwa miezi tisa kwa kuiba vioo vya pembeni vya gari. Aliiba kweli. Nyumbani tulilia, halafu, niseme ukweli, tulilala usingizi mzuri. Tulijua yuko wapi usiku.

Alitoka mwanzoni mwa Mei 2007, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo.

Alitoka amenenepa. Macho yamerudi. Bibi alichinja kuku, akamfunga kanga mpya mabegani kama mtoto aliyetoka jandoni. Mjomba alikaa uani, akaomba redio ya jirani iliyokuwa inakwaruza, akaifungua kwa kisu cha mezani, akaitengeneza. Mimi nilikuwa sekondari. Taarifa ya habari ilipokwisha akaniangalia: "Haya, wamesema nini?" Familia nzima iliamini amepona, maana miezi tisa bila unga, arosto imekwisha siku nyingi, nini tena kimebaki?

Siku ya kumi na moja walimkuta kwenye pagale, sindano ikiwa karibu naye. Alikuwa bado anapumua, pumzi moja, kimya kirefu, pumzi nyingine. Walimbeba kwenye mkokoteni mpaka kituo cha afya. Mama anasema mhudumu wa zamu aliangalia mikono yake, akasema "huyu teja," akaenda kumhudumia mtu mwingine kwanza. Hakuna anayejua kama dakika zile zingebadilisha kitu. Ipo dawa inaitwa nalokisoni, ambayo humrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini ndani ya dakika chache. Siku ile hapakuwa na mtu wa kumpa.

Alijidunga kiasi kilekile alichozoea kabla ya jela. Hilo ndilo lililomuua. Mwili uliozoea unga unastahimili dozi ambayo ingemuua mtu mwingine, na ustahimilivu huo hupotea mtu akikaa wiki kadhaa bila kutumia. Hamu inaweza kubaki miaka, lakini kinga imeondoka. Kwa hiyo siku za kwanza baada ya jela, baada ya wodi, au baada ya kufungiwa kijijini kwa mganga, ndizo siku za hatari kuliko zote. Jambo hili linajulikana kwa wataalamu wa nchi nyingi kwa miongo. Gerezani hawakumwambia. Sisi hatukuambiwa. Tulichinja kuku.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na ikawa miongoni mwa huduma za mwanzo kabisa za aina hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Kutoka kaburi la mjomba mpaka siku hiyo ni miaka mitatu na miezi tisa. Nimeihesabu mara nyingi. Methadoni ni dawa ya kunywa, kikombe kidogo mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu. Inakaa kwenye vipokezi vilevile vinavyodai heroini, lakini polepole na kwa muda mrefu, kiasi kwamba arosto haiji na akili inabaki ya mtu. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar nayo ikaanza, kisha Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga. Mwishoni mwa 2012 mwimbaji Ray C alimshukuru hadharani Rais Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu, na kwa mara ya kwanza nchi nzima ilikuwa na sura inayoipenda ya kuweka kwenye neno teja.

Lakini hesabu ya miaka mitatu na miezi tisa inadanganya. Methadoni iligunduliwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ndani ya IG Farben, muungano wa makampuni ambao Bayer ilikuwa sehemu yake. Tasnia ileile iliyouza heroini kama dawa ya kikohozi ndiyo iliyotoa dawa ya kumtuliza aliyefungwa nayo. Na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo yao ya kuwatibu waraibu kwa methadoni mwaka 1965. Mjomba alizaliwa 1966. Dawa ilikuwa inajulikana kabla mama yake hajamfunga nepi. Unga ulichukua miaka michache tu kutoka Afghanistan mpaka Kariakoo, na dawa yake ilichukua miaka 46 kutoka New York mpaka Muhimbili. Hapo ndipo mjomba alipoangukia.

Nilipokwenda kuripoti kwenye kliniki moja ya methadoni hapa Dar miaka kadhaa iliyopita, nilikuta foleni ya saa moja asubuhi: walinzi waliotoka lindo, mama muuza vitumbua na beseni lake, wapiga debe, mzee mmoja mwenye kofia safi aliyewahi msikitini kwanza. Walikuwa wachache mno wanawake, ingawa hali yao mtaani ndiyo mbaya zaidi. Wanakunywa, wanaongea maneno mawili ili mhudumu ajue wamemeza, wanaenda kazini. Kilichonigusa ni jinsi ilivyokuwa kawaida. Hakuna muujiza pale. Ni foleni kama ya maji.

Kuhusu neno hilo teja, kuna kitu cha sarufi ninachokifikiria mara kwa mara. Wengi wanalihusisha na mteja, yule anayenunua. Ukilitazama, kilichoondolewa ni herufi moja, m, ile inayomweka mtu kwenye ngeli ya watu. Mteja na wateja, teja na mateja. Umoja umevuliwa, wingi umepelekwa upande wa majitu na makopo. Siku hizi kwenye hotuba rasmi wanasema mraibu na waraibu, na wengine mtaani wanacheka kwamba ni usomi. Mimi sicheki. Ile m imerudi.

Bahari nayo haijalala. Mwaka 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini mkoani Lindi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 kwenye jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Februari 2017 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya watu maarufu aliowataka polisi, na mwezi huohuo Kamishna wa mamlaka mpya ya kupambana na dawa za kulevya akateuliwa. Tangu Taliban wapige marufuku mpopi mwaka 2022, kilimo chake Afghanistan kilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika mwaka uliofuata. Wapo wanaodhani basi yamekwisha. Soko likikosa kitu kimoja hutafuta kingine, na arosto haisomi habari za kimataifa.

Mjomba aliacha mtoto wa kiume aliyekuwa na miaka miwili. Sasa ni kijana mkubwa, anatengeneza simu, mikono ya baba yake kabisa. Mwaka huu aliniuliza: "Dada, baba alikufa na nini hasa? Maana mtaani nasikia mengine." Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Nikaenda kwa mama kuomba ruhusa. Alinyamaza muda mrefu, akachukua lile kopo kabatini, akalitikisa kidogo, akasema: "Andika. Lakini usiandike unga peke yake. Andika na redio." Bibi hakuulizwa, na hatasomewa. Ana miaka zaidi ya 80. Yeye abaki na malaria yake.

Kwa hiyo, binamu yangu, hili ndilo jibu. Baba yako hakufa kwa malaria wala kwa uhuni. Alikufa siku ya kumi na moja baada ya kutoka jela, kwa kiasi alichokuwa amekizoea, kwenye mji uliokuwa na unga kila kona na haukuwa na dawa yake hata kona moja. Alikuwa na ugonjwa wenye tiba. Na wewe msomaji, kama kuna wenu anatoka gerezani au kwenye nyumba ya kupata nafuu wiki hii, mchinjieni kuku, ndiyo, lakini mwambieni wazi kwamba mwili wake haubebi tena dozi ile, na mpelekeni kliniki kabla sherehe haijaisha. Msimwache alale peke yake.